Yesu Hajulikani kwa Siku Moja

Baba yangu alikuwa katekista katika kigango kimoja cha milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Watu wote walimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Parokia ilikuwa mbali na padre alikuwa na vigango vingi vya kuzungukia, kwa hiyo Dominika nyingi hatukuwa na Misa. Tulikuwa na Ibada ya Neno: baba anasoma masomo, anayafafanua, anaongoza sala za waamini, tunaimba, tunarudi nyumbani. Ekaristi tuliipata padre alipofika. Injili tuliisikia kila Dominika bila kukosa, mvua inyeshe au jua liwake. Leo naishi Dar es Salaam, ambako parokia moja ina Misa kadhaa asubuhi moja, na nashukuru kwa neema hiyo. Hata hivyo, mengi ninayoyajua juu ya Yesu nilianza kuyajua kule milimani, kwa kuisikiliza Injili ikipita majira baada ya majira.

Baba alikuwa na desturi moja. Akimaliza kusoma Injili hakuanza kuhubiri papo hapo. Alituuliza: "Injili ya leo imetuonyesha Yesu ni nani?" Hakuuliza tumeagizwa kufanya nini, hilo lingefuata. Watu walijibu kutoka kwenye mabenchi, akina mama upande mmoja na akina baba upande mwingine. Palikuwa na mzee aliyejibu kila wiki kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Baba alimwitikia kwa heshima: "Ndivyo hasa, mzee wangu. Sasa leo hilo limeonekana wapi?" Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu ilibidi turudi ndani ya hadithi yenyewe, tutafute alisimama wapi, alisema na nani, nani alikasirika, nani alilia.

Nimeitafakari desturi ile kwa miaka mingi, na imenifikisha kwenye imani hii: majira ya Kanisa yamepangwa ili tusijichagulie Yesu. Kila mmoja wetu ana anayempenda. Mgonjwa anamtaka mponyaji, mwenye madeni anamtaka mtoa riziki, mwenye hasira anamtaka yule aliyepindua meza za wabadili fedha hekaluni. Wote hao ni Yesu kweli. Lakini ukibaki na mmoja tu mwaka mzima utakuwa umemjua nusu, na nusu hiyo itakuangusha siku utakayoihitaji ile nyingine. Kalenda ya Kanisa inatupitisha kwake mzima, hata pale tusipopenda kwenda.

Mpangilio tulionao si wa zamani sana. Baba alikulia enzi za Misa ya Kilatini, ambapo masomo ya Dominika yalijirudia yale yale kila mwaka, na Marko alisikika kwa nadra. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza waamini wafunguliwe hazina ya Biblia kwa wingi zaidi. Kitabu kipya cha masomo kikatolewa mwaka 1969, chini ya Papa Paulo wa Sita, na kikaruhusiwa kutumika kuanzia Majilio ya mwaka huo. Tangu hapo tuna mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, Mwaka B wa Marko, Mwaka C wa Luka. Yohane hana mwaka wake. Yeye husomwa zaidi katika Kwaresima na Pasaka, na humsaidia Marko, ambaye Injili yake ni fupi kuliko zote, kwa Dominika tano za sura ya 6 juu ya mkate wa uzima. Waluteri na Waanglikana wa kwetu nao wanayashika majira haya haya makubwa. Ni urithi wetu sote.

Kwetu milimani Majilio huja na mvua za kwanza. Novemba inapoisha watu wako mashambani wanapanda mahindi. Mtoto anatarajia kusikia habari za hori na wachungaji, lakini Injili ya Dominika ya kwanza ya Majilio, katika miaka yote mitatu, inasema juu ya kuja kwa Bwana siku ya mwisho na inatuagiza tukeshe. Kisha Yohane Mbatizaji anachukua Dominika mbili. Ni Dominika ya nne tu ndipo tunaingia nyumbani kwa Yusufu na Maria. Kanisa linaanzia mwisho na kurudi nyuma, nami naona huo ni mpango wa hekima kubwa. Tukianzia horini, ni rahisi kubaki na mtoto mchanga asiyetudai kitu. Tukianza na Hakimu wa mataifa, tutakapofika horini tutajua ni nani aliyelala pale.

Injili ya Majilio niliyoishika kuliko zote ni ya Dominika ya tatu, Mwaka A, kutoka sura ya 11 ya Mathayo. Yohane yuko gerezani. Yule aliyembatiza Yesu mtoni Yordani sasa anawatuma wanafunzi wake wakamuulize kama ndiye kweli, au wamngojee mwingine. Yesu hajibu ndiyo wala hapana. Anawaambia wakamsimulie Yohane wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wafu wanafufuliwa, maskini wanapata habari njema. Mwaka mmoja, baba alipomaliza kusoma, mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa mahabusu Songea aliinua mkono.

"Mwalimu, huyu Yohane baadaye alitolewa gerezani?"

"Hapana, mama. Alikatwa kichwa humo humo."

"Na Yesu alijua kwamba yuko ndani?"

"Alijua. Wajumbe wake walikuwa mbele yake."

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi afadhali nimesikia. Nilikuwa nadhani mwanangu hatoki kwa sababu imani yangu ni ndogo."

Baba hakuongeza neno. Aliendelea na sala za waamini, na kijana yule akatajwa kwa jina. Mimi nilikuja kuelewa uzito wa mazungumzo yale nikiwa mtu mzima, nilipoilinganisha orodha ya Yesu na maneno ya nabii Isaya yaliyo nyuma yake. Isaya, katika sura ya 61, anataja pia wafungwa kufunguliwa. Yesu, akimjibu mfungwa, hakulitaja hilo. Alitaja mengine, kisha akasema ana heri yule asiyejikwaa kwa sababu yake. Alikuwa anamwambia rafiki yake ukweli: Masiha amekuja, na wewe hutatoka. Huyu si Yesu ambaye ningejichagulia. Lakini ndiye pekee ambaye mama yule angeweza kumwamini, kwa maana ndiye pekee aliyekuwa anafanana na maisha yake.

Noeli na Tokeo la Bwana nitazigusa kwa kifupi. Misa ya usiku inatupa Luka na wachungaji; Misa ya mchana inatupa mwanzo wa Injili ya Yohane, ambamo hamna hori, hamna ng'ombe, wala jina la mama. Kuna Neno aliyekuwako kabla ya vitu vyote. Nikiwa mtoto ile Injili ya mchana ilinichosha. Sasa naona kwamba bila hiyo, Noeli ingekuwa sikukuu ya kuzaliwa tu. Na katika Tokeo la Bwana baba alikuwa na jambo moja alilolisisitiza kila mwaka. Herode alipouliza Masiha azaliwe wapi, makuhani wakuu na waandishi walijibu mara moja, Bethlehemu, walilijua andiko. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda. Waliokwenda ni mamajusi wa mbali, wageni wasio na Torati. Baba alilisema hilo akitutazama sisi vijana tulioikariri katekisimu yote.

Machi ni mwezi wa ngolo. Kwa wasioijua Umatengo, nieleze kidogo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia nyasi zile, hata mlima mzima unabaki na mashimo yanayozuia maji ya mvua yasibebe udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage. Kazi hii nzito huangukia Kwaresima, wakati mahindi ya mwaka uliopita yamepungua ghalani na mapya hayajakomaa. Hatukuhitaji kufundishwa kwamba kufunga ni kuhisi njaa.

Dominika mbili za kwanza za Kwaresima zina habari zile zile kila mwaka: Yesu anajaribiwa jangwani, kisha anageuka sura mlimani. Mwenye njaa na mwenye utukufu ni mmoja, na tunaonyeshwa sura zote mbili kabla safari haijaanza kuwa ngumu. Lakini utajiri mkubwa wa Kwaresima umo katika Dominika tatu zinazofuata za Mwaka A: mwanamke Msamaria, kipofu wa kuzaliwa, na Lazaro. Kanisa la kale liliwasomea Injili hizi wale waliojiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka. Ndiyo maana hata katika Mwaka B na C zinaweza kusomwa palipo na wakatekumeni, na katika kigango chetu wakatekumeni hawakukosekana.

Baba aliwafundisha jioni, baada ya shamba. Mmoja wao alikuwa bibi mjane, asiyejua kusoma, ambaye wakwe zake walimcheka kwamba anatafuta ubatizo uzeeni kwa kuogopa kufa. Kwa kuwa hakuweza kusoma, baba alimsimulia Injili hizi tena na tena, naye alizishika kichwani kuliko sisi tuliokuwa na vitabu. Baba alimwonyesha jinsi mwanamke Msamaria anavyopanda ngazi. Mwanzo Yesu kwake ni Myahudi tu, mgeni asiyepaswa kumwomba maji. Halafu anamwita Bwana. Kisha anaona ni nabii. Kisha anaanza kujiuliza kama si Kristo. Na mwishoni watu wa mji wake wanasema wamemjua kuwa Mwokozi wa ulimwengu. Yote hayo yanatokea kando ya kisima kimoja, katika mazungumzo marefu kuliko yote ambayo Injili zimeyahifadhi kati ya Yesu na mtu mmoja. Na mtu huyo ni mwanamke, tena wa kabila lililodharauliwa.

Wiki iliyofuata bibi alifanya kazi hiyo mwenyewe kwa habari ya kipofu. Alihesabu kwa vidole. Kwanza kipofu anasema aliyemponya ni mtu aitwaye Yesu. Mafarisayo wanapombana, anasema ni nabii. Wanapombana tena, anasema asingetoka kwa Mungu asingeweza kufanya lolote. Mwisho anasujudu. Kisha bibi akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Mwalimu, huyu kipofu hakufundishwa na mtu. Kila walipomsukuma, ndipo alipomjua zaidi."

Nimesoma vitabu kadhaa vya wataalamu juu ya sura ya 9 ya Yohane, na sijaona aliyeisema vizuri kuliko yeye. Kwa sehemu kubwa ya sura ile Yesu hayupo. Anapaka tope, anamtuma mtu yule akanawe katika bwawa la Siloamu, kisha haonekani tena. Kipofu anabaki peke yake mbele ya majirani wanaomshuku, wazazi wanaoogopa kumtetea, na wakuu wanaomtukana. Yesu anarudi baada ya mtu yule kufukuzwa nje. Injili inasema alisikia kwamba amefukuzwa, akamtafuta, akamkuta. Bibi alijiona humo. Alikuwa amesukumwa na wakwe, na kila alipojibu kejeli zao alizidi kumjua yule aliyekuwa anamtetea. Alibatizwa katika Mkesha wa Pasaka mwaka ule, parokiani, akiwa ameshika mshumaa kwa mikono iliyokuwa bado na michubuko ya jembe.

Mama yangu alifariki katika Kwaresima, mwaka wa Mathayo, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tulimzika siku chache kabla ya Dominika ya tano. Wazee wa kigango walimwambia baba apumzike, mwalimu mwenzake wa kigango jirani angekuja kuongoza ibada. Baba alikataa. Dominika ile alisimama mimbarini na kusoma habari ya Lazaro. Kitabu cha Masomo kinaruhusu kuisoma kwa ufupi, lakini yeye aliisoma yote, aya 45, na sauti yake haikutetereka mpaka alipofika mahali ambapo Yesu analia. Hapo alisimama kwa muda, akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho.

Kisha aliuliza swali lake kama kawaida. Hakuna aliyejibu. Akajibu mwenyewe, kwa maneno machache, nami nitajaribu kuyaeleza kadiri ninavyoyakumbuka. Alisema: Marta alimwendea Yesu njiani na kumwambia kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake asingekufa. Maria alikuja baadaye na kusema maneno yale yale. Malalamiko ni mamoja, lakini Yesu hakuwajibu sawa. Marta alipewa fundisho, kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima. Maria alipewa machozi. Wako watu wanaohitaji fundisho kwanza na wako wanaohitaji machozi kwanza, na Yesu anamjua kila mmoja. Baada ya hapo baba akasema, "Mimi leo ni Maria," akarudi kukaa.

Kwenye misiba yetu tumezoea kuambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nawaheshimu wanaosema hivyo. Wanataka kufariji, na wengi walituambia hivyo siku zile. Lakini nataka niseme kwa uwazi kwamba Yesu hakusema hivyo Bethania. Alifadhaika rohoni. Alilia mbele ya watu. Aliliendea kaburi kama mtu anayemwendea adui, na alijua gharama yake, kwa sababu katika Injili ya Yohane tendo hili ndilo linalowafanya wakuu waketi barazani na kuamua kumuua. Alimtoa Lazaro kaburini, na kwa kufanya hivyo akajisogeza yeye mwenyewe kaburini. Liturujia inatupa habari hii wiki moja tu kabla ya Dominika ya Matawi ili tuingie Juma Kuu tukijua anakufa kwa sababu gani. Mimi niliingia Juma Kuu la mwaka ule nikijua.

Pasaka yenyewe kwa wengi wetu ni siku moja. Makanisa yanajaa Kwaresima nzima, Njia ya Msalaba haikosi watu, halafu Jumatatu ya Pasaka mambo yameisha. Jambo hili hunihuzunisha. Kanisa limetupa siku 40 za kufunga na siku 50 za kufurahi, na sisi tunazishika zile za kwanza na kuzitupa zile za pili. Hasara yake ni kubwa, maana katika siku hizo 50 ndimo Injili zinatueleza jinsi ya kumtambua Yesu aliye hai, na zote zinakiri kwamba si rahisi. Maria Magdalena anadhani ni mtunza bustani, mpaka anapoitwa kwa jina. Wale wawili wa njia ya Emau wanatembea naye mwendo mrefu bila kumjua, mpaka anapoumega mkate. Tomaso anataka kuona majeraha, na anaonyeshwa. Mwili wa ufufuo umekuja na makovu yake. Habari ya Tomaso husomwa Dominika ya pili ya Pasaka kila mwaka bila kubadilika, na nadhani ni kwa ajili ya sisi wote tuliokuja nyuma.

Halafu kuna ile ya ziwani, sura ya 21 ya Yohane, Dominika ya tatu ya Pasaka katika Mwaka C. Kwetu ilipendwa sana, kwa kuwa Ziwa Nyasa liko upande wa pili wa milima, na akina mama wa ziwani walipanda hadi kwetu wakiuza dagaa na mbasa waliokaushwa. Watu waliuelewa usiku ule wa kuvua bila kupata kitu. Waliuelewa pia moto wa makaa wenye samaki juu yake. Baba alitukumbusha kwamba Yohane ametaja moto wa makaa mara mbili tu: mara ya kwanza katika ua wa kuhani mkuu, Petro alipokuwa anaota moto huku akimkana Bwana, na mara ya pili hapa ufukweni, Petro anapoulizwa mara tatu kama anampenda. Aliyeshinda mauti amepika kifungua kinywa, na kwa moto ule ule amemrudisha rafiki aliyeanguka.

Baada ya Pentekoste rangi ya liturujia inageuka kuwa kijani, na watu hudhani hakuna kitu tena hadi Majilio. Kwetu ni miezi ya kuvuna maharage na mahindi, kisha kuchuma kahawa. Dominika hizi za Mwaka ndizo nyingi kuliko zote, na ndizo zinazomwacha mwinjili asimulie polepole kwa mpangilio wake mwenyewe. Kama ningeulizwa nichague mwaka mmoja, ningemchagua Marko. Yesu wa Marko anachoka na kulala juu ya mto katika mashua huku dhoruba inavuma. Anashusha pumzi nzito anapomponya bubu kiziwi. Anakasirika na kuhuzunika kwa pamoja. Na anawakataza watu wasimtangaze, karibu kila mara. Pepo wanamjua, anawanyamazisha. Petro, huko Kaisaria Filipi, anatamka kwamba yeye ndiye Kristo, na dakika chache baadaye anamkemea kwa kutaja mateso, naye anakemewa kwa ukali. Petro alikuwa na jina sahihi na picha isiyo sahihi. Katika Injili yote ya Marko mwanadamu wa kwanza anayemkiri kuwa Mwana wa Mungu bila kunyamazishwa ni akida wa Kirumi, na analisema hilo akimtazama Yesu aliyekwisha kufa msalabani.

Nayasema haya nikifikiria miji yetu ya leo. Mabango yanatangaza miujiza kwa tarehe na saa, na watu wenye shida za kweli wanatoka na nauli yao ya mwisho kwenda kumtafuta Yesu wa bango. Siwalaumu watu hao hata kidogo. Mama wa kijana aliyekuwa mahabusu angeweza kuwa mmoja wao. Lakini anayemtangaza Yesu wa miujiza bila msalaba anarudia kosa la Petro, na Marko alituandikia ili tusilirudie. Miujiza imo ndani ya Marko, tena mingi. Yeye anataka tu tusimwite kwa cheo chochote kabla hatujasimama pale aliposimama akida.

Mwaka wa Kanisa unafungwa na sherehe ya Kristo Mfalme. Papa Pius wa Kumi na Moja aliianzisha kwa waraka wa tarehe 11 Desemba 1925, Ulaya ikiwa imetoka katika vita vikuu na watawala wa mabavu wakianza kuinuka. Matengenezo ya mwaka 1969 yaliihamishia Dominika ya mwisho ya mwaka. Ukitaka kujua Kanisa linamwona Yesu kuwa mfalme wa namna gani, tazama Injili lililozichagua kwa siku hiyo. Mwaka A, mfalme anasema alikuwa na njaa, alikuwa uchi, alikuwa mgonjwa na mfungwa. Mwaka B, mfalme amesimama mbele ya Pilato kama mshitakiwa. Mwaka C, mfalme yuko msalabani kati ya wahalifu wawili. Hakuna hata mwaka mmoja ambao tunaonyeshwa kiti cha dhahabu kinachokaliwa kwa raha.

Jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Dar es Salaam husoma Injili ya Dominika ijayo kila tunapokutana, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tulipoisoma ile ya Luka juu ya mhalifu aliyetubu, kijana mmoja mwendesha bodaboda, ambaye kwa kawaida hukaa karibu na mlango na kusikiliza tu, aliomba kusema. "Mimi nimeona huyu mwizi hamwiti Bwana wala Mwalimu. Anamwita Yesu, basi, kama mtu anayemjua." Mzee wetu wa jumuiya, mstaafu wa bandari, akamjibu, "Kweli mwanangu. Na amemjua kwa saa chache tu, wakiwa wanakufa pamoja." Tulikaa kwenye neno hilo jioni yote. Mwaka mzima wa Luka, pamoja na Msamaria mwema, baba mwenye wana wawili na Zakayo juu ya mkuyu, ulikuwa umetuleta hapo: mfalme ambaye amri yake ya mwisho kabla ya kufa ni kumpeleka mhalifu peponi.

Ndugu msomaji, si lazima uwe na katekista kama niliyepewa mimi. Mwaka wa kalenda ukigawanyika kwa 3 bila baki, ni mwaka wa Luka. Unaofuata ni wa Mathayo, na wa baada yake ni wa Marko. Kumbuka tu kwamba Kanisa huanza mwaka wake Dominika ya kwanza ya Majilio, wiki chache kabla ya Januari. Injili ya kila Dominika imeandikwa kwenye kalenda ya parokia yako. Jumamosi hii jioni, kabla watoto hawajalala, isomeni kwa sauti, yote, bila kuifupisha.